Anza na banio, fomu baadaye: namna ya kutafuta ufadhili wa utafiti wa uboreshaji na udhibiti ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Matangazo ya ufadhili yanapoanza kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp, wahitimu wa hisabati wa Mbeya na Iringa hufungua fomu, hujaza jina na namba ya NIDA, hufika kwenye kisanduku cha mada ya utafiti, na hapo hukwama. Usiku wa mwisho kabla ya dirisha kufungwa huandikwa sentensi pana kuhusu mchango wa hisabati katika maendeleo ya taifa. Msomaji wa maombi aliyeko Trieste, Italia, au Berlin amekwisha kusoma sentensi hiyo mara nyingi, na haimwambii lolote.

Mwongozo huu unapindua mpangilio: swali kwanza, hesabu ndogo baada yake, fedha mwisho. Nimeuandika kwa mwenye shahada ya kwanza ya hisabati, uhandisi, fizikia au takwimu, awe anafundisha sekondari Rujewa au ndiyo kwanza amehitimu chuo cha MUST au Mkwawa, anayetaka uzamili au uzamivu katika tawi linaloshughulika na kutafuta uamuzi ulio bora (uboreshaji) na kuongoza mfumo unaobadilika kadiri muda unavyokwenda (udhibiti).

Hatua ya 1: Tafuta mfumo wenye lango na mtu anayelishika

Mfumo changamano ni ule wenye sehemu nyingi, kila sehemu ikiamua la kwake, na matokeo ya jumla hayakupangwa na yeyote. Bonde la Usangu ni mfano ulio mlangoni petu. Maji yanashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, yanakatwa na mabanio (vizuizi vyenye malango vya kuchepushia maji mferejini) ya mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga na ya skimu nyingi za wakulima wadogo, yanatawanyika kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na kinachobaki kinapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwenda bwawa la Mtera. Pale Mtera yanazungusha mitambo ya megawati 80, kisha yanateremka hadi Kidatu na kuzungusha mingine ya megawati 204. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Hakuna kikao kilichokaa kikaazimia mto ukauke. Kila mwenye banio alifungua kiasi alichoona kinamfaa.

Kama maji hayakuvutii, yapo mengine. Foleni ya malori Tunduma ni swali la udhibiti. Ukusanyaji wa maziwa Rungwe na Njombe ni swali la njia: gari lipite wapi, lianze na nani, kabla maziwa hayajachacha. Majani ya chai ya Mufindi yakishachumwa hayasubiri, na kiwanda kina uwezo wenye kikomo. Misitu ya Sao Hill inauliza kitalu kipi kivunwe mwaka gani ili viwanda vya Mafinga visikose magogo na msitu usiishe. Hili la mwisho lina ukoo wa heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanahisabati Leonid Kantorovich aliletewa swali la kiwanda cha plaiwudi huko Leningrad, namna ya kugawa kazi kwenye mashine, na kutokana nalo akajenga msingi wa upangaji wa mstari, yaani kutafuta jibu bora pale lengo na masharti yote ni ya mstari. Mwaka 1975 alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Plaiwudi hiyohiyo ipo Mafinga, na maswali yake bado yapo.

Kabla hujaendelea, pima mada yako hivi: je, unaweza kutaja cheo cha mtu anayebadilisha kitu, kitu hicho ni kipi, na anakibadilisha mara ngapi kwa wiki? "Mabadiliko ya tabianchi Nyanda za Juu" haina lango. "Mgawanyo wa zamu za maji kati ya skimu mbili zinazotegemea mto mmoja" inalo.

Nenda ukamwone huyo mtu. Mpe shikamoo yake mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, kaa, mwache aeleze zamu zinavyopangwa na zinavyovunjwa. Usimweleze kwamba umekuja kumtatulia tatizo, maana hujalijua bado.

Hatua ya 2: Ukurasa mmoja wenye mambo matano

Andika maamuzi (nini kinaweza kugeuzwa), hali (nini kinapimwa ili kujua mfumo uko wapi sasa), lengo (nini kiongezwe au kipunguzwe), masharti (nini hakiruhusiwi kuvukwa), na kisichojulikana (nini kitatokea bila kuomba ruhusa). Kwa mfano wetu, maamuzi ni malango. Hali ni kina cha maji mferejini na kwenye majaruba. Kisichojulikana ni mvua, pamoja na watu wanaofungua maji usiku.

Kwenye masharti usiharakishe. Mwulize yeyote anayekumbuka mradi wa umeme wa maji wa Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro. Mwaka 1996 wanasayansi waligundua pale chura mdogo sana anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko, ambaye hakuwa akijulikana mahali pengine popote duniani. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi na maji mengi kuelekezwa kwenye mahandaki, manyunyu yalipungua vibaya. Vinyunyizio vya bandia vikawekwa, kiasi cha maji ya kuachwa kikawa hoja ya wanasheria na wahandisi, na bado mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wakizalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Sharti lililosahaulika kwenye hesabu ya mwanzo lilirudi baadaye likiwa ghali zaidi. Mtafiti anayeonyesha kwamba ameyatafuta masharti ya namna hiyo kabla ya kukokotoa anasomwa kwa makini.

Hatua ya 3: Kokotoa toleo dogo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha ombi linalosomwa na linalowekwa pembeni. Huhitaji kompyuta kubwa. Huhitaji hata data halisi kwa kuanzia; tumia namba za mfano zilizo karibu na ukweli na useme wazi kwamba ni za mfano.

Tuchukue skimu mbili kwenye mto mmoja. Ya juu ina hekta 2,000, ya chini hekta 1,500. Mpunga tuupe lita 1 kwa sekunde kwa kila hekta, ambayo ni sawa na milimita 8.64 za maji kwa siku. Mto una lita 3,000 kwa sekunde na lita 500 lazima zibaki mtoni. Zimebaki 2,500 za kugawa. Mfereji wa juu unapoteza asilimia 20 njiani, wa chini, kwa kuwa ni wa udongo na mrefu, unapoteza asilimia 40.

Lengo la kwanza linalomjia kila mtu: hekta nyingi zaidi zipate maji. Hesabu yake ni ile mada ya kidato cha nne ya kuchora mistari, kutia kivuli eneo linaloruhusiwa na kupima kila pembe. Jibu linakuja haraka: hekta 2,000 za juu, zikigawanywa kwa 0.8, zinakula lita 2,500 zote. Skimu ya chini inapata sifuri. Kihisabati hilo ndilo jibu bora kabisa, na ukienda nalo kwenye mkutano wa wakulima wa chini utaondoka mbio.

Sasa badili lengo: kila skimu ipate sehemu ileile ya mahitaji yake. Skimu ya juu ikitaka kumwagiliwa yote inahitaji lita 2,500 kwenye banio, na ya chini pia, 1,500 kwa 0.6, inahitaji 2,500. Jumla 5,000, tunazo nusu, basi kila mmoja anapata nusu: hekta 1,000 juu na 750 chini. Jumla 1,750. Usawa umegharimu hekta 250, kwa sababu kila hekta moja unayompa wa chini inamnyima wa juu hekta moja na theluthi.

Watu wengi wangesimama hapo na kuandika kwamba kuna mvutano kati ya haki na ufanisi. Endelea kidogo. Tuseme mfereji wa chini umesakafiwa kwa saruji na hasara yake imeshuka hadi asilimia 20 kama wa juu. Gawa kwa usawa tena: lita 2,500 mara 0.8 ni hekta 2,000, zikiwa zimeenea juu na chini kwa sehemu ileile. Idadi ni ileile ya lile jibu la kwanza la kikatili, na safari hii hakuna aliyekaushwa. Kumbe gharama ya usawa ilitoka kwenye hasara za mifereji kutolingana. Swali la utafiti linazaliwa hapo: skimu zikiwa ishirini, zenye hasara tofauti, na fedha za saruji zikiwa chache, mfereji upi usakafiwe kwanza ili usawa ugharimu kidogo iwezekanavyo? Hilo linahitaji vigeu vya ndiyo au hapana, na kwa skimu nyingi linakuwa gumu kweli.

Mfano wa ukubwa huo unatatuliwa kwa daftari. Wa skimu ishirini unatatuliwa na programu za bure kama GLPK au HiGHS, ukiziita kutoka lugha za programu kama Python au Julia, kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Ukishazipakua mara moja huhitaji bando kuzitumia, jambo ambalo kwa mtu wa Ubaruku si dogo.

Hatua ya 4: Ingiza muda

Hesabu ya hapo juu ni ya siku moja iliyosimama, na mto hausimami. Maji yanayofunguliwa juu leo hayafiki chini papo hapo. Aliye chini akiona bado ni pakavu analalamika, lango linaongezwa, kisha maji ya mara ya kwanza na ya pili yanafika pamoja na kubomoa kingo. Lango linafungwa kwa hasira, na ukame unarudi. Kuyumba huko kunatokana na ucheleweshaji, na nadharia ya udhibiti imekuwa ikishughulika na kuyumba tangu James Clerk Maxwell alipoandika kuhusu virekebisha mwendo vya injini mwaka 1868. Miaka ya 1950 Lev Pontryagin na wenzake kule Urusi, na Richard Bellman kule Marekani, walitoa njia mbili za kutafuta mfululizo bora wa maamuzi badala ya uamuzi mmoja.

Njia inayotumika sana viwandani leo, udhibiti tabiri, inaelezeka kwa sentensi moja: panga siku kumi zijazo, tekeleza ya kwanza tu, pima tena, panga upya. Skimu nyingi tayari hufanya kitu kinachofanana na hicho kwa mazoea. Kazi yako ni kuonyesha mazoea hayo yanafaulu wapi na yanashindwa wapi.

Kisha chagua ugumu mmoja tu. Ama mvua isiyotabirika, ama wahusika wengi wanaovutia kila mmoja kwake, ama ukubwa wa hesabu, ama kukosekana kwa modeli inayoaminika. Anayeahidi yote manne ndani ya miaka mitatu anajulikana mara moja kwamba hajawahi kujaribu hata mmoja.

Hatua ya 5: Data, vibali na kusoma

Takwimu za mtiririko wa mito ya bonde hili zinatunzwa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa. Za mvua zinatunzwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nenda na barua ya utambulisho ya chuo chako. Kwa kazi ya vijijini barua hiyo hupita ofisi ya mkoa, wilaya, kata na kijiji, na kila ofisi ina mhuri wake, kwa hiyo tenga muda. Mradi wenye mtafiti wa kigeni unahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Waambie mapema washirika wako wa nje, kwa sababu wengi wao hudhani kibali ni jambo la wiki moja.

Tegemea mapengo kwenye takwimu. Kipimo kilisombwa na mafuriko, msomaji alistaafu. Usiyafiche, kukadiria hali ya mfumo kutokana na vipimo pungufu ni tawi zima la nadharia hii, na Rudolf Kalman alilipa sura yake ya kisasa mwaka 1960.

Kwa kusoma, hazina ya makala za utafiti mtandaoni ya arXiv ni bure na ina kundi maalumu, math.OC, la uboreshaji na udhibiti. Ukiwa chuoni, uliza maktaba kama imejiunga na Research4Life, ambayo hufungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi kama yetu. Makala tano zilizosomwa hadi kwenye uthibitisho zinatosha kuanzia.

Hatua ya 6: Jua unabisha mlango upi

Fedha huja kwa njia tatu, na kila njia inataka maombi ya aina yake.

Ya kwanza ni ajira. Ujerumani, Uholanzi na Sweden, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa mradi ambao profesa amekwisha kuupatia fedha. Tangazo linataja swali, mshahara na tarehe ya kuanza. Hapa hupeleki mada yako. Unaonyesha kwamba unaweza kulibeba swali lao, na ule ukurasa wako wa Usangu unakuwa ushahidi. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya iko kwenye kundi hili. Inapokea watu wa taifa lolote, mradi huna shahada ya uzamivu, na hujaishi wala kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi mwenyeji ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwa mtu aliyekaa Mbeya miaka yote sharti hilo halina kikwazo. Wengi hawaombi kwa kudhani ni ya Wazungu.

Ya pili ni ufadhili wa mtu. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, yenye vituo Afrika Kusini, Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda, hutoa uzamili wa hisabati wenye ufadhili. ICTP ya Trieste, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ina diploma ya mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza, na hisabati imo. Ni daraja zuri kwa ambaye shahada yake haikuwa na uchanganuzi (analysis) wa kutosha. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, nalo la Trieste, huwafadhili wanawake kutoka nchi kama Tanzania kufanya uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, ina ufadhili wa kusomea ndani ya kanda yetu. Hapa mada ni yako, na kazi ya hatua ya 1 hadi ya 4 inalipa moja kwa moja.

Ya tatu ni fedha za ndani, hasa mfuko wa taifa unaosimamiwa na COSTECH, ambao kwa kawaida huenda kwa timu zenye taasisi nyuma yake. Mhitimu peke yake haingii kirahisi. Ajiunge na mhadhiri.

Mlango wa nne ni wa matapeli. Vyuo halali vinaweza kutoza ada ya maombi kupitia mfumo wao rasmi. Anayekwambia umeshapata nafasi na sasa utume pesa ya "kushughulikia" kwa namba ya simu, mfute.

Hatua ya 7: Barua pepe kwa msimamizi

Acha "husika na kichwa cha habari hapo juu". Acha pia aya ya kumsifu kwa umashuhuri wake. Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani. Ya pili itaje makala yake moja na jambo mahususi ndani yake lililokugusa, kwa mfano dhana kwamba ucheleweshaji unajulikana, ilhali kwenye mifereji ya udongo hubadilika na msimu. Ya tatu na ya nne zieleze hesabu yako ndogo na jibu lake. Kisha uliza kama ana nafasi. Ambatisha ukurasa mmoja, wasifu na transkripti, basi. Asipojibu kwa wiki tatu, kumbusha mara moja, kisha nenda kwa mwingine.

Hatua ya 8: Andiko na bajeti

Fungua kwa lile jibu la kushangaza la hesabu yako. Takwimu za umaskini wa Tanzania zinaweza kusubiri. Eleza kinachojulikana, kisha mahali kinapokatikia. Taja matokeo utakayothibitisha kama nadharia na yale utakayoonyesha kwa majaribio ya kompyuta tu. Wasomaji wa fani hii wanakasirishwa na anayechanganya hayo mawili. Weka mpango wa pembeni: kama lile gumu halitatatuliwa, toleo jepesi lenye thamani ni lipi?

Wanahisabati huona aibu kuomba fedha za uwanjani, kana kwamba wanahitaji kalamu peke yake. Omba. Nauli za kwenda mabanioni, vipimo vya kina cha maji, posho ya kijana wa kijijini anayesoma kipimo asubuhi na jioni, siku ya kurudisha matokeo kwa wakulima: ni vitu halisi vyenye bei halisi, na bajeti inayovitaja inaonyesha kwamba umefika.

Wadhamini wape mwezi mzima, pamoja na ukurasa wako, ili barua yao iseme kitu zaidi ya kwamba ulikuwa na nidhamu darasani. Pasipoti uishughulikie sasa, kabla hujaitwa.

Hatua ya 9: Usaili

Utaulizwa modeli yako ikiwa si sahihi itakuwaje. Jibu kwa namba zako: kama hasara ya mfereji wa chini ni asilimia 50 badala ya 40, mgawanyo wa usawa unashuka kutoka hekta 1,750 hadi karibu 1,590, na hitimisho kuhusu mfereji wa kusakafia halibadiliki. Fanya mazoezi ya kulieleza hilo kwa Kiingereza bila slaidi. Tafuta chumba chenye umeme wa uhakika, au betri iliyojaa na simu ya pili yenye bando la mtandao mwingine.

Na angalia saa. Ulaya ya kati husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi. Usaili wa saa 10:00 ya Berlin mwezi Februari ni saa sita kamili mchana Mbeya. Mwezi Aprili ni saa tano asubuhi.